Ukiambiwa sifa zako hazitoshi chuoni: tarehe, mlango na siku

Fundi amefundisha uchomeleaji chuoni kwa miaka 15. Ujuzi aliupata migodini, si darasani. Siku moja anaitwa ofisini na kupewa barua: sifa zako hazikidhi matakwa ya kazi. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, ambako mafundi wengi wameujua ufundi kabla ya kupata cheti, barua kama hiyo inaweza kumfika mlinzi, mpishi, fundi au hata mkufunzi. Tunaeleza mambo matatu ya kuangalia.

Tarehe ya kuajiriwa

Mwaka 2017 Serikali ilitangaza majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, baada ya uhakiki uliofanywa na Baraza la Mitihani. Hao waliondolewa kazini. Lakini katika zoezi la uhakiki waliondolewa pia watu wa darasa la saba ambao hawakughushi chochote.

Hoja yao ilikuwa ni tarehe. Sharti la kidato cha nne kwa ajira ya umma lilianza 20 Mei 2004. Aprili 2018 Serikali ilitamka kwamba walioajiriwa kabla ya siku hiyo, na ambao hawakutoa taarifa za uongo, warudishwe kazini.

Somo ni hili: kughushi ni kosa la jinai, lakini kukosa cheti si kughushi. Swali la kwanza ni sharti gani lilikuwepo siku ulipoajiriwa. Kwa hiyo tunza barua ya ajira, tangazo la kazi, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kupandishwa daraja. Cheti cha VETA cha kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa kinasaidia kuthibitisha ufundi wako, ila hakichukui nafasi ya cheti cha kidato cha nne pale kinapotakiwa.

Mlango wa kwenda

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Chuo cha umma, kama Chuo cha Ualimu Shinyanga au vyuo vya VETA, kina njia yake. Mtumishi wa umma hukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na asiporidhika huenda kwa Rais. Sheria ya Utumishi wa Umma, kifungu cha 32A, inamtaka amalize njia hiyo kabla ya kutumia njia za sheria za kazi. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hivyo mwaka 2022, katika rufani ya Shirika la Posta iliyoamuliwa Mtwara: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, haikuwa na mamlaka juu ya mtumishi wa umma. Aliyeshinda CMA anaweza kujikuta anaanza upya.

Chuo binafsi au cha taasisi ya dini ni tofauti. Mfanyakazi wake anapeleka mgogoro CMA. Huko mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kwamba aliachishwa isivyo haki.

Siku za kuhesabu

Rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ni ndani ya siku 45. Malalamiko ya kuachishwa kazi CMA ni ndani ya siku 30, kwa fomu namba 1. Ukichelewa, utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi. "Nilikuwa namfuata mkuu wa chuo tuelewane" kwa kawaida haitoshi.

CMA huanza na usuluhishi. Mkishindwa kukubaliana, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika na tuzo yake anaomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6.

Kwa hiyo, ukipokea barua, andika siku uliyoipokea, tunza nakala, na usisaini karatasi ya kukubali kuacha kazi kabla hujaielewa. Kisha jiulize: chuo hiki ni cha nani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha mlango wa kwenda.