Mficha Maradhi na Mpokea Siri

Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii inapotajwa, lawama huangukia mgonjwa: mbona alinyamaza? Mimi hupenda kuigeuza upande wa pili. Kama angesema, angemwambia nani, na siri yake ingehifadhiwa wapi? Nikisoma historia ya magonjwa ya zinaa, naona kwamba swali hili lina uzito kuliko lile la kwanza.

Mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyokusudiwa kuwakinga askari na mabaharia na kaswende na kisonono. Katika baadhi ya miji ya kambi na bandari, mwanamke aliyeshukiwa na polisi kuwa kahaba aliweza kulazimishwa kupimwa sehemu zake za siri. Akikutwa na ugonjwa alizuiliwa hospitalini hadi miezi mitatu, na sheria zilizofuata zikauongeza muda huo. Wanaume waliowaendea wanawake hao hawakuguswa. Bibi Josephine Butler na wenzake walipinga dhuluma hiyo kwa miaka mingi, hata sheria hizo zikafutwa mwaka 1886.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1916, nchi hiyo hiyo ilishika njia nyingine. Halmashauri zilitakiwa kufungua kliniki za kupima na kutibu magonjwa haya bure, mgonjwa akija kwa hiari yake na siri yake ikilindwa. Sheria ya kwanza ilimfanya mgonjwa ajifiche. Kanuni hizi zilimpa sababu ya kujitokeza.

Kwetu Tanzania, faida ya kumfungulia mgonjwa mlango ilikuja kupimwa kwa hesabu. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walichagua maeneo 12 ya vijijini mkoani Mwanza. Katika sita kati ya hayo, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikapelekwa bila kukatika, na wananchi wakahimizwa kuja mapema. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika maeneo hayo yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko katika yale mengine sita. Sababu inaeleweka, kwani kidonda au uvimbe sehemu za siri huvirahisishia virusi njia. Ni kweli kwamba utafiti wa Rakai, Uganda, uliotangazwa mwaka 1999, ambako watu waligawiwa dawa majumbani kwa wingi, haukuona punguzo kama hilo. Wataalamu wamelijadili sana jambo hili. Hata hivyo, kisonono kilichotibiwa kimetibiwa, na hiyo pekee ni faida.

Kinachonivutia katika habari za Mwanza ni mahali tiba ilipotolewa. Ilikuwa zahanati ile ile ya kila siku. Aliyeketi kwenye benchi angeweza kuwa amekuja kwa kikohozi, kwa homa au kwa usaha. Jirani hakuwa na la kumsengenya.

Nimeijua zahanati moja ambako mhudumu alitaja ugonjwa wa kijana kwa sauti, watu wakisikia. Kijana yule hakurudi kumalizia sindano zake. Methali ingemhukumu yeye, ilhali yeye hakuficha, alisema, akafichuliwa.

Lugha yetu ina neno zuri, stara. Watu hulichanganya na aibu, kumbe ni mambo mawili. Aibu humfunga mtu mdomo. Stara humpa mahali pa kuufungua. Chumba chenye pazia, daftari lisiloachwa wazi mezani, kinga ya mpira inayotolewa bila maswali ya dharau, hiyo ndiyo stara. Usafi wa mwili ni wajibu, lakini sabuni haitibu kaswende, na kujiosha ndani ya uke kwa dawa kali humdhuru mwanamke badala ya kumlinda. Elimu kama hii mtu huipata kwa kuuliza, naye huuliza pale tu anapoamini kwamba swali lake halitavuka kizingiti.

Basi tunapomwonya mficha maradhi, tumwonye na mpokea siri. Huyu naye akikosea, kilio hakiko mbali.