Ifahamu Homa ya Baridi Yabisi: Huanzia Kooni, Huumiza Viungo, Huharibu Moyo

Mtoto anapolalamika kuwa goti linamuuma, wazazi wengi hudhani ameanguka akicheza. Ni wachache wanaokumbuka kuwa wiki mbili au tatu kabla ya hapo mtoto huyo alikuwa na homa na maumivu makali ya koo. Hata hivyo, matukio hayo mawili yanaweza kuwa ugonjwa mmoja: homa ya baridi yabisi.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 15. Chanzo chake ni bakteria aina ya streptokoka wa kundi A, ambao huishi kooni na huenea kwa matone yanayotoka mtu anapokohoa au kupiga chafya, hasa mahali penye msongamano kama vile mabwenini na katika nyumba zenye watu wengi.

Bakteria hao wanapoingia, mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nao. Kwa baadhi ya watoto, kinga hiyo hukosea shabaha. Kwa kuwa protini kadhaa za bakteria hao zinafanana na zile za mwili wa binadamu, kinga huanza kushambulia viungo, moyo, ngozi na ubongo wa mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana goti lililovimba huwa halina bakteria ndani yake, na ndiyo maana dalili hujitokeza wakati koo limekwisha kupona.

Maumivu na uvimbe hutokea katika viungo vikubwa, yaani magoti, vifundo vya miguu, viwiko na vifundo vya mikono. Aghalabu maumivu hayo huhama: leo goti, keshokutwa kiwiko. Mgonjwa anaweza pia kuwa na homa, kuishiwa pumzi, kwenda mbio kwa mapigo ya moyo, au kuchezacheza kwa mikono na miguu bila hiari yake.

Viungo kwa kawaida hupona bila kuacha kilema, na hapo ndipo familia nyingi hudanganyika. Wakati goti limetulia, valvu za moyo huenda zimekwisha kujeruhiwa, na kila shambulio jipya huzidisha madhara. Valvu zilizoharibika sana huhitaji upasuaji, huduma ambayo nchini Tanzania hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), jijini Dar es Salaam.

Kinga ya ugonjwa huu ni nyepesi kuliko tiba yake. Penisilini ikianza kutumika ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, huzuia kwa kiasi kikubwa kutokea kwa homa ya baridi yabisi. Si kila koo linalouma huhitaji dawa hiyo, kwa kuwa mara nyingi chanzo huwa ni virusi. Mtoto mwenye homa, mafindofindo yenye utando mweupe na tezi za shingo zilizovimba, lakini hana kikohozi wala mafua, afikishwe mapema katika zahanati au kituo cha afya ili achunguzwe. Dawa atakayoandikiwa aimalize yote, hata kama amepata nafuu.

Aliyekwisha kuugua hupewa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4, kwa kawaida kwa miaka isiyopungua 5. Aliyeathirika moyo huendelea nayo kwa muda mrefu zaidi. Kukatisha sindano hizo kwa sababu mtoto anaonekana mzima ni kuufungulia ugonjwa mlango wa kurudi.

Mwezi Mei 2018, Mkutano Mkuu wa 71 wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuimarisha mapambano dhidi ya homa hii na ugonjwa wa moyo unaotokana nayo. Mapambano hayo huanzia nyumbani. Wazazi, walezi na walimu wanashauriwa kutopuuza koo la mtoto linalouma, na kumweleza mtaalamu wa afya historia ya koo hilo pale viungo vinapoanza kuuma.