Hati za Uhuru za Ghuba na Amana ya Mtafiti

Tangu mwaka 2014, Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyoundwa na Qatar Foundation na Maktaba ya Taifa ya Qatar pamoja na British Library, imeweka wazi maelfu ya kurasa za ofisi za Waingereza katika Ghuba. Humo mna maelezo ya watumwa walioomba hati za uhuru katika ofisi za Bahrain, Sharjah, Maskati na Bushehr. Miongoni mwao wamo waliotoka Zanzibar na mrima, na wengine walikuwa wapiga mbizi wa lulu.

Sisi tunaozisoma karatasi hizo tunakuta ndani yake mambo ya unyumba. Mtu hutaja jina lake, umri wake, alikozaliwa, aliyemuuza na aliyemnunua. Kisha hutaja mke aliyeozwa na bwana wake, au watoto waliobaki nyuma. Kwa sharia, mtoto wa mjakazi aliyeozwa mtumwa alikuwa wa bwana wa mama yake, hivyo baba aliweza kupata uhuru na asiwapate wanawe. Mke huyo aliyetajwa hakuulizwa neno. Tunamjua kwa kauli ya mumewe, nayo imepita kwa mkalimani na karani.

Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952. Wajukuu wako hapa Doha, na wengine huitwa kwa kabila la bwana wa zamani. Mahali ambapo nasaba huulizwa kabla ya posa kujibiwa, jina moja likichapishwa laweza kuvunja uchumba.

Wako wasemao majina yote yafutwe. Hatukubaliani nao. Walioomba hati walijitaja ili waandikwe. Na tangu 2015 Nyumba ya Bin Jelmood, hapa Msheireb, inaueleza utumwa hadharani. Kulifuta jina ni kumpokonya mtu mara ya pili.

Tunaona aliyejieleza mwenyewe atajwe. Ukoo ulio hai usiunganishwe naye mpaka wenyewe waonyeshwe karatasi kwanza. Mume na mke waulizwe kila mmoja peke yake, maana idhini ya mmoja si idhini ya nyumba nzima. Bibi akitaka kusimulia na babu akakataa, bibi asimulie lake, la mumewe liachwe.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Naye haachi kuosha kwa ajili hiyo. Ila akitoka, hunyamaza.