Safari, Walii na Kizuizi: Uhai wa Kichekesho cha 1934 kwa Mtazamo wa Garissa

Binti wa tajiri anamtoroka baba yake, anapanda basi, na njiani anajikuta pamoja na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Hicho ndicho kisa cha It Happened One Night, filamu ya Frank Capra ya 1934. Wahakiki wengi huuhusisha uhai wake na majibizano makali ya Clark Gable na Claudette Colbert. Maelezo hayo hayatoshi, kwani majibizano ndiyo hupotea kwanza kisa kinapohamia lugha nyingine. Kisa hiki kilihamia Kihindi, katika Chori Chori (1956) ya Raj Kapoor na Nargis, kisha Dil Hai Ke Manta Nahin (1991). Na filamu za Kihindi zina wapenzi wa siku nyingi miongoni mwa Wasomali. Kilichobaki katika uhamisho huo ni safari yenyewe.

Hapo Garissa haihitaji kufafanuliwa jambo. Desturi ya Kisomali inaitambua ndoa ya masaafo: wapendanao husafiri hadi umbali ambapo shehe huweza kuwafungisha ndoa bila walii wa bibi arusi kuwapo. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu kilichokipa Kiswahili "masafa". Ajabu ni kwamba Capra anamrudisha walii: ni baba yule yule anayemnong'oneza bintiye, wakielekea madhabahuni, amkimbie bwana arusi asiyefaa. Uasi unaishia katika idhini. Hivyo kichekesho hakimuudhi mzee wala kijana.

Lipo, hata hivyo, onyesho moja ambalo kicheko chake hakisafiri vyema. Wapelelezi wanaingia chumbani. Wawili hao wanaigiza mke na mume wanaogombana, na wapelelezi wanaondoka bila kudai karatasi yoyote. Mkoa wa Kaskazini-Mashariki ulikuwa chini ya hali ya hatari kuanzia Desemba 1963 hadi Novemba 1991. Mwishoni mwa 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wachujwe, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pekee juu ya kitambulisho cha kawaida. Ellie anaficha jina ambalo simu moja kwa baba yake ingelirejesha. Anaweza kuuchezea utambulisho kwa sababu haumponyoki. Katika barabara ya takriban kilomita 370 kutoka Garissa hadi Nairobi, igizo kama hilo lisingemvusha abiria wa miaka hiyo daraja la Tana.