Karatasi ya Nyumbani Inawekwa Wapi?

Ndugu mkulima, hebu nikuulize: stakabadhi yako ya mauzo ya mwaka jana iko wapi? Chini ya godoro? Au darini jikoni, pamoja na masizi?

Wazee wetu wa Iringa na Mbeya hawakufanya mzaha na karatasi. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilianza mwaka 1898, mwaka ule ule aliokufa Mkwawa. Waingereza nao wakaweka ya kwao mwaka 1922. Aliyekosa fedha alifanyishwa kazi. Aliyelipa alikitunza cheti chake kama mbegu, ingawa wengi hawakujua kukisoma. Bila cheti, nani angemsadiki?

Kusoma kwenyewe kulikuja baadaye. Mwaka 1971 kampeni ya kufuta ujinga ilitangazwa, shabaha ikiwa 1975. Akina mama walitoka shamba wakaingia darasani. Sasa mtu aliweza kuandika mwenyewe: madebe mangapi yamevunwa, mangapi ya chakula, mangapi yameuzwa.

Siku hizi karatasi nzito ni ya shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati ya hakimiliki ya kimila, na majaribio yalifanyika Mbozi, wakati ule ikiwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mume na mke waweza kuandikwa wote wawili. Basi hati hiyo itie kwenye kopo la bati lenye kifuniko, mbali na moshi na panya, na mkeo ajue lilipo. Ukitangulia wewe, yeye ndiye atakayeulizwa na mashemeji.