Kimo cha Kikapu na Mkono wa Mtoto: Historia ya Kufundisha Shabaha

Mpira wa kikapu ni miongoni mwa michezo michache ambayo shabaha, yaani uwezo wa kukifikisha kitu pale kilipokusudiwa, iliwekwa ndani ya kanuni zake tangu siku ulipobuniwa. James Naismith, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha mazoezi ya viungo katika chuo cha YMCA, Chama cha Vijana Wakristo, mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alipewa Desemba 1891 kazi ya kutafuta mchezo wa ukumbini utakaowashughulisha wanafunzi wakati wa baridi bila kuwaumiza. Katika michezo aliyoifahamu goli lilisimama wima, na aliyepiga kwa nguvu nyingi ndiye aliyefaidika. Naismith akakata shauri kulilaza goli na kulipandisha juu ya vichwa vya wachezaji, ili nguvu peke yake isifae kitu na mpira ulazimike kupanda kwa upinde kabla ya kushuka. Wazo hilo alilichota katika mchezo wa utotoni mwake huko Ontario, ambamo watoto walirusha mawe ili kuliangusha jiwe lililowekwa juu ya mwamba, na ambamo aliyerusha taratibu kwa upinde mara nyingi alimshinda aliyevurumisha.

Kikapu kiliwekwa futi 10 juu ya sakafu, sawa na mita 3.05, na kimo hicho hakikutokana na uchunguzi wowote wa mwili wa binadamu. Mtunza jengo alileta vikapu viwili vya kubebea matunda, vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani iliyouzunguka ukumbi, na roshani ndiyo iliyokuwa na kimo hicho. Mchezo wa kwanza, uliochezwa na wanafunzi 18 waliogawanywa timu mbili, unakumbukwa kuwa ulimalizika kwa bao moja tu. Katika miaka iliyofuata vikapu vilibadilishwa kuwa pete za chuma, ubao ukaongezwa nyuma ya pete ili watazamaji wa roshani wasiuguse mpira, na mpira wa soka uliotumika mwanzoni ukaachwa kwa mpira uliotengenezwa mahususi, lakini kimo hakikuguswa. Hivyo kipimo cha roshani ya jengo moja kikawa sheria kwa watu wazima wa dunia nzima, na kwa zaidi ya nusu karne kikawa sheria kwa watoto wao pia, jambo ambalo pengine limewaharibia watoto shabaha kuliko kosa lolote la mwalimu.

Uzito wa kimo huonekana katika hesabu ya mtupo. Pete ina kipenyo cha sentimita 45 hivi, na mpira wa wanaume una kipenyo cha sentimita 24 hivi, kwa hiyo mpira ambao ungeshuka wima ungekuta mlango wenye upana unaokaribia mara mbili ya upana wake wenyewe. Hata hivyo mpira unaotupwa kutoka mbali huingia kwa mshazari, na kadiri mshazari unavyolala ndivyo mlango unavyobana: kwa pembe ya nyuzi 45 upana unaobaki ni sentimita 32 hivi, na chini ya nyuzi 32 mpira hauwezi kupita katikati bila kugonga chuma. Mwanafizikia Peter Brancazio wa Brooklyn College, katika makala aliyoichapisha mwaka 1981, alionyesha kwamba kwa kila umbali na kila kimo cha mkono ipo pembe moja inayodai kasi ndogo kuliko zote, na kwamba mtupo ulio karibu na pembe hiyo huvumilia makosa madogo ya mkono zaidi kuliko mitupo iliyolala. Kwa kanuni hiyo mtu mzima anayeuachia mpira mita 2.1 juu ya sakafu, akiwa kwenye mstari wa mtupo huru, unaoelezwa hapa chini, hutosheka na nyuzi 51 hivi, ilhali mtoto anayeuachia kwenye mita 1.4 huhitaji karibu nyuzi 56 na kasi kubwa zaidi. Mwenye misuli michache ndiye anayedaiwa nguvu nyingi. Mtoto anayeushusha mpira hadi kiunoni, akapinda mgongo na kuusukuma kwa mwili wote, hajakosa akili wala nidhamu; mwili wake umetafuta njia pekee ya kuufikisha mpira huko juu, na tabia hiyo ikishazoeleka humfuata hadi ujanani, wakati ambapo nguvu anazo tayari lakini mkono haujui kuzitumia.

Darasa la kwanza la shabaha lilikuwa mtupo huru, yaani ule anaopewa mchezaji aliyechezewa vibaya ili atupe akiwa amesimama bila kukabwa na mtu. Mwanzoni timu iliruhusiwa kumteua mtupaji mmoja hodari atakayetupa kwa niaba ya wenzake wote, na kwa hiyo wengine hawakuwa na sababu ya kujifunza. Kanuni ilipobadilishwa katika msimu wa 1923–24, ikamtaka kila aliyechezewa vibaya atupe mwenyewe, makocha walijikuta wana timu nzima za kufundisha. Njia iliyotawala ilikuwa ya mikono miwili, ama kutoka kifuani ama kwa kuuinua mpira kutoka kati ya magoti, mtindo unaoitwa mtupo wa chini, ambao kwa sababu ya ulaini wake ulileta matokeo ya ajabu: mwaka 1935 mjini Chicago, Harold Levitt, mtu mfupi wa kimo, alitia mitupo huru 499 mfululizo kwa mtindo huo. Mtindo uliofaulu namna hiyo uliachwa baadaye, na kilichouua si udhaifu wake. Wilt Chamberlain, mchezaji wa ligi kuu ya Marekani ambaye siku aliyofunga pointi 100, Machi 2, 1962, alitia mitupo huru 28 kati ya 32 kwa mtupo wa chini, aliuacha kwa kuona aibu, akaandika hivyo mwenyewe, na shabaha yake ikaporomoka. Rick Barry, mchezaji mwingine wa ligi hiyo aliyeushikilia hadi mwisho wa uchezaji wake, alimaliza akiwa na wastani wa mitupo 9 kati ya 10. Mwalimu wa vijana asiyeitambua nguvu ya aibu katika umri wa miaka 13 au 14 amekosa nusu ya somo.

Mageuzi makubwa ya mtupo wenyewe hayakutoka kwa walimu. Hank Luisetti wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa ameanza kutupa kwa mkono mmoja tangu alipokuwa mvulana mdogo viwanjani San Francisco, kwa sababu akiwa mdogo kuliko wenzake hakuweza kuufikisha mpira kwa njia nyingine. Desemba 30, 1936, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Stanford iliishinda timu ya Chuo Kikuu cha Long Island kwa pointi 45 kwa 31 na kukatisha mlolongo wake wa ushindi wa michezo 43, na magazeti ya mashariki mwa Marekani yakagundua ghafla kwamba mkono mmoja unaweza kulenga. Nat Holman, kocha mashuhuri wa New York, alinukuliwa akisema kuwa angeacha kazi kuliko kuufundisha mtindo huo. Kauli yake isidharauliwe, kwa kuwa alikuwa mjuzi wa kweli wa mchezo. Ila ujuzi wake ulikuwa wa mtupo aliolelewa nao, na macho yaliyozoea jambo moja kwa miaka 20 hulitazama lingine kama kosa.

Kisa cha mtupo wa kuruka, yaani ule ambao mchezaji huuachia mpira akiwa hewani, kinafanana na cha Luisetti. Kenny Sailors alikuwa kijana wa shamba katika jimbo la Wyoming, na kila alipocheza na kaka yake Bud, aliyemzidi umri na kimo kwa mbali, mitupo yake yote ilizuiwa. Mwaka 1934 akaanza kudunda mpira hadi karibu naye, kuruka wima, na kutupa kwa mkono mmoja akiwa juu. Miaka tisa baadaye aliiongoza timu ya Wyoming kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani. Haifai kumpa yeye peke yake sifa ya uvumbuzi, kwani vijana wengine, akiwemo John Cooper wa Kentucky na Glenn Roberts wa Virginia, walikuwa wakiruka na kutupa katika miaka iyo hiyo bila kujuana, na wengi wa watangulizi hao walitoka mashambani na miji midogo, mahali ambapo palikuwa na pete, mpira na muda mwingi, lakini hapakuwa na kocha wa kuwakataza.

Makocha walipoupokea mtindo mpya, walifanya lililo kazi yao halisi, nayo ni kuuchambua na kuutia maneno. Mafundisho yaliyoenea tangu hapo yana nguzo nne: mwili uliotulia juu ya miguu iliyoachana kwa upana wa mabega, macho yaliyokazwa penye shabaha, kiwiko kilichowekwa chini ya mpira kikielekea petini, na mkono unaoendelea kunyooka hadi kiganja kiiname baada ya mpira kuondoka, ili vidole viupe mpira mzunguko wa kurudi nyuma unaoulainisha unapogusa chuma au ubao. John Wooden wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliyepata mataji 10 ya vyuo, alichunguzwa katika msimu wake wa mwisho wa 1974–75 na wanasaikolojia Ronald Gallimore na Roland Tharp, walioandika kila tendo la ufundishaji wake katika mazoezi 15. Karibu nusu ya matendo hayo yalikuwa maelekezo mafupi ya nini kifanyike na vipi, na pongezi hazikufika hata moja kati ya kumi. Baadaye Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada alionyesha, mwaka 1996, kwamba watupaji hodari wa mtupo huru hulikaza jicho mapema na kwa muda mrefu mahali pamoja pa pete kabla mikono haijaanza kunyooka, wakati walio dhaifu huhamisha macho huku na huku. Utafiti wa Kerr na Booth wa mwaka 1978, uliohusu watoto wakirusha vifuko kwenye alama, ulikuta kwamba waliofanya mazoezi kwa umbali wa futi 2 na futi 4 walilenga vizuri zaidi kwa futi 3 kuliko wale waliozoezwa kwa futi 3 pekee, na hilo linadhoofisha desturi ya kumsimamisha mtoto mahali pamoja jioni nzima.

Pamoja na elimu hiyo yote, wastani wa mitupo huru katika vyuo vya Marekani ulibaki karibu asilimia 69 kwa miongo mingi tangu katikati ya miaka ya 1960. Maneno ya mwalimu yana kikomo, hasa yanapomfikia mwanafunzi aliyekwisha kuumbwa na pete iliyo juu mno na mpira mzito. Stephen Curry mwenyewe, mchezaji wa ligi kuu ya Marekani ambaye Desemba 2021 aliipita rekodi ya Ray Allen ya mitupo 2,973 ya pointi tatu, alipokuwa sekondari alitupa kutoka usawa wa kiuno kwa sababu ya wembamba wake, na baba yake Dell, aliyekuwa mtupaji hodari wa ligi kuu, alilazimika kuubomoa mtupo huo na kuujenga upya juu ya paji la uso katika likizo nzima iliyojaa mateso. Si kila kijana ana baba wa namna hiyo.

Njia ya kuuepuka ubomoaji huo ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1950 Jay Archer, wa mji wa Scranton katika jimbo la Pennsylvania, alianzisha mchezo wa watoto wenye pete iliyoshushwa na mpira uliopunguzwa. Hispania iliueneza Ulaya katika miaka ya 1960, na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu likaukubali kwa walio chini ya miaka 12, pete ikiwa mita 2.60 na mpira ukiwa wa namba 5. Melissa Chase na wenzake, waliowapima watoto wa miaka 9 hadi 12 na kutoa matokeo mwaka 1994, walikuta kwamba pete ya futi 8 iliwaletea watoto vikapu vingi zaidi na imani kubwa zaidi katika uwezo wao kuliko pete ya futi 10. Shule ya msingi au kituo cha vijana kinachosimamisha nguzo mpya, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, na kiifunge pete ya watoto kwenye mita 2.60, kabla ya kumtafuta kocha wa kuwasahihisha viwiko.