Istanbul na Bara la Tatu

Mji wa Istanbul umekaa pande zote mbili za Bosporus, mlangobahari wa urefu wa kilometa 30 hivi unaounganisha Bahari Nyeusi na Bahari ya Marmara, na ambao mahali pake pembamba kabisa una upana wa mita 700 tu, kiasi kwamba mtu aliyesimama Ulaya huyaona madirisha ya nyumba zilizoko Asia. Kwa sababu hiyo Istanbul husifiwa kila mahali kuwa mji wa mabara mawili. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini inapunja, kwa kuwa mengi yaliyoulisha mji huo na kuupamba, na hata baadhi ya watu waliouendesha, yalitoka katika bara la tatu ambalo halionekani kutoka ufukoni mwake, nalo ni Afrika.

Wagiriki kutoka Megara ndio walioanzisha makazi ya Byzantion katika karne ya 7 kabla ya Kristo, juu ya rasi iliyozungukwa na maji pande tatu, ambako ghuba ndefu iitwayo Pembe ya Dhahabu ilizipa meli hifadhi. Kaizari Konstantino aliigeuza kuwa makao makuu ya dola ya Roma, akaizindua tarehe 11 Mei 330, ndipo ikaja kujulikana kama Konstantinopoli, yaani mji wa Konstantino. Mji ulipokua upesi, mashamba ya jirani hayakutosha kuulisha, hivyo ukategemea Misri: nafaka iliyokusanywa kama kodi katika bonde la Nile ilipakiwa Aleksandria, na sehemu yake ikagawiwa wakazi bure kwa njia ya mkate. Safari hiyo ilitegemea pepo, kama vile majahazi ya Bahari ya Hindi yalivyotegemea kaskazi na kusi, kwa maana bila upepo wa kusini meli hazikuweza kupanda mlangobahari wa Dardaneli, na nafaka iliharibika melini zikiwa zinangoja. Ndiyo maana katika karne ya 6 Kaizari Justiniano alijenga ghala kubwa katika kisiwa cha Tenedos, karibu na mdomo wa mlangobahari huo, ili meli zishushe shehena yao na kurudi Misri, kisha nafaka ipelekwe mjini upepo utakapokubali. Utaratibu huo ulivunjika mwanzoni mwa karne ya 7, Waajemi walipoiteka Misri, na mkate wa bure ukakoma.

Justiniano huyohuyo alijenga kanisa la Hagia Sophia kati ya mwaka 532 na 537, na ndani yake zimo nguzo za porfiri, jiwe la rangi ya zambarau lililochimbwa katika jangwa la mashariki mwa Misri. Hata hivyo, ushahidi ulio bayana kuliko wote unasimama nje, katika uwanja wa kale wa mashindano ya magari ya farasi. Hapo ipo obeliski, yaani nguzo ya jiwe moja yenye pande nne na ncha iliyochongoka, ambayo Farao Thutmose III aliisimamisha Karnak katika karne ya 15 kabla ya Kristo. Maandishi yake ya picha yanamsifu farao huyo kwa kuuvuka mto Frati, kwa hiyo jiwe hili lilikuwa likizungumzia Afrika iliyoingia Asia miaka 1,800 hivi kabla halijafika Ulaya. Kaizari Theodosio I alilisimamisha mahali lilipo mwaka 390, nalo halikufika zima, kwani sehemu ya chini ilipotea na iliyobaki ina urefu wa mita 20 hivi.

Obeliski hiyo haikuwekwa moja kwa moja juu ya kitako chake, bali imeegemezwa juu ya vipande vinne vya shaba, kimoja katika kila pembe, na mtu akiinama kidogo huona mwanga ukipita kati ya jiwe na jiwe. Upande mmoja wa kitako una maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba kazi ya kulisimamisha jiwe ilichukua siku 30, na upande wa pili maandishi ya Kigiriki yanasema siku 32. Pameandikwa pia jina la Proclus, liwali wa mji aliyeisimamia kazi hiyo. Alipoanguka katika siasa na kuuawa, jina lake lilifutwa, na baadaye likachongwa upya mahali palepale. Ni vigumu kupata jiwe jingine ambalo lugha tatu zimeandikwa kwa karibu namna hiyo na kila moja ikasema habari yake.

Waturuki wa Osmani chini ya Sultani Mehmed II waliuteka mji tarehe 29 Mei 1453, na walipoitwaa Misri mwaka 1517 njia ile ya kale ikapata uhai tena. Soko la viungo lililojengwa katika miaka ya 1660 karibu na Pembe ya Dhahabu linaitwa mpaka leo Mısır Çarşısı, maana yake Soko la Misri. Nguvu ya mji huo ilifika hata pwani ya Waswahili: mwaka 1585 nahodha Amir Ali Bey aliteremka kutoka Bahari ya Shamu, miji kadhaa ikakubali kumtambua sultani wa Istanbul, na aliporudi tena Wareno walimkamata Mombasa mwaka 1589, kisha mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu.

Lakini Waafrika wengi walifika Istanbul kwa njia ya utumwa, na jambo hilo halifai kupitwa kimyakimya. Baadhi yao walihasiwa wakiwa watoto, wakafanywa matowashi wa kulinda sehemu ya kasri walimoishi wanawake na watoto wa sultani, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 16 mkuu wa matowashi hao weusi alikabidhiwa wakfu za Makka na Madina, cheo kilichomfanya mmoja wa watu wenye nguvu zaidi katika dola. Hacı Beşir Ağa, aliyezaliwa Uhabeshi, alikishika cheo hicho tangu mwaka 1717 hadi alipofariki mwaka 1746, akaacha msikiti, madrasa na maktaba ambavyo majengo yake yangali yamesimama. Mtu aliyenyimwa haki ya kuwa na watoto aliacha vitabu.

Mwaka 2004, maandalizi ya kituo cha reli inayopita chini ya Bosporus kutoka Asia hadi Ulaya yalipokuwa yakifanyika mtaa wa Yenikapı, wachimbaji walifika kwenye bandari ya Kaizari Theodosio, ambamo nafaka ya Misri ilikuwa ikishushwa, na ambayo baadaye ilijaa matope ikasahaulika. Uchimbaji wa miaka iliyofuata ulifukua mabaki ya meli 37 za kati ya karne ya 5 na ya 11, baadhi zikiwa bado na shehena ndani. Mbao zake zilizolowa kwa zaidi ya miaka elfu moja zingepasuka kama zingeachwa zikauke hewani, kwa hiyo zilitolewa ubao mmoja mmoja na kuzamishwa tena katika matangi ya maji.